Dondoo muhimu: Ufito wa kuvulia ngege, Muhuru Bay

Chagua mwanzi uliokomaa, wenye pingili za karibu karibu; ulio mchanga hupinda ukabaki hivyo hivyo. Ukaushe kivulini kwa wiki kadhaa, maana jua kali huupasua.

Kwenye ncha ndiko wengi hukosea. Usifunge mshipi hapo pekee: anzia katikati ya ufito, uuzungushe hadi nchani, kisha ukaze kwa uzi wa nailoni uliopakwa gundi. Ncha ikikatika, samaki bado ni wako.

Boya? Kipande cha ndala kuukuu kinatosha. Ngege ana mdomo mdogo, basi tumia ndoana ndogo na nyungunyungu. Mbuta ni habari nyingine: anaweza kufikia kilo 200, na ufito huu hauna ubavu huo.