Kichwa Kinauma Kila Siku, na Malaria Haipo

Kwa mkazi wa Msambweni au Diani, kichwa kikiuma wazo la kwanza ni malaria. Hakosei. Pwani ya kusini ina mbu, na malaria huua. Kwa hivyo nenda ukapimwe damu kwanza. Lakini wako waliopimwa mara tatu, nne, damu ikawa safi, na kichwa kingali kinabana kama kilichofungwa mkanda. Hao ndio tunaozungumza nao leo.

Mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli za Diani, wengi walirudishwa nyumbani. Mtu wa namna hiyo, hasa mwanamume, hasemi "nina huzuni". Husema "kichwa chaniuma". Wala hasingizii: sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na wasiwasi uliopita kiasi huandamana na maumivu ya kweli ya kichwa. Njia ni ya pande mbili, kwani mwenye kipandauso cha miaka naye hupata sonona kwa urahisi kuliko wengine.

Jiulize: je, unaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi? Mambo uliyoyapenda yamepoteza ladha? Ikiwa hali hii imedumu wiki 2, mweleze daktari. Ukitaja kichwa peke yake, utapewa dawa ya kichwa peke yake.

Na hapo pana mtego. Tembe za dukani zikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi kadhaa, zenyewe huleta maumivu. Zile zilizochanganywa na kafeini hutosha siku 10. Daktari akikuandikia amitriptilini, usidhani amekuita mwendawazimu. Dawa hiyo hutibu sonona na pia huzuia maumivu ya kichwa.

Wapo watakaosema ni jini. Dua haimdhuru mtu, bali isikucheleweshe. Maumivu makali ya ghafla, shingo kukakamaa pamoja na homa, au mkono kulegea na ulimi kuwa mzito, ni ya kukimbilia hospitali saa ile ile.

Vivyo hivyo fikira za kujiua. Wengi walizificha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwambie daktari waziwazi. Umekwenda pale kama mgonjwa.