Somo: Miezi 24 ya Mafunzo Uingereza na Ujuzi wa Kurudi Nao

Baada ya kusoma somo hili, daktari anayetarajia kwenda ng'ambo ataweza kutofautisha nafasi ya kuongeza ujuzi na nafasi ya kupata ubingwa. Mgonjwa naye ataelewa kwa nini daktari wake huondoka, na atarajie nini atakaporejea.

Mpango wenyewe

Uingereza ina mpango wa mafunzo kwa madaktari wa nchi za nje, ujulikanao kwa kifupi kama MTI. Daktari hufanya kazi na kujifunza katika hospitali za umma za nchi hiyo chini ya uangalizi wa mabingwa, kwa muda usiozidi miezi 24, kisha hutakiwa kurejea kwao. Kipaumbele hupewa nchi zenye kipato cha chini na cha kati cha chini. Mwombaji hudhaminiwa na Chuo cha Kifalme cha fani yake, hivyo husajiliwa na Baraza Kuu la Madaktari la huko bila kufanya mtihani wa PLAB. Hata hivyo, ni lazima athibitishe umahiri wake wa Kiingereza, na kwamba hajaacha kutibu wagonjwa katika miaka ya karibuni.

Usichopewa

Mpango huu hautoi cheti cha kuhitimu ubingwa. Anayehitaji ubingwa kamili hana budi kufuata njia nyingine. Kwa upasuaji, mathalani, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha, hufundisha katika hospitali zilizoidhinishwa ndani ya kanda yetu, na mwanafunzi huendelea kuwahudumia wagonjwa wa nyumbani.

Mfano wa kutafakari

Tumchukue daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa kandokando ya Ziwa Victoria. Kichocho cha tumbo ni kingi huko. Kikikomaa huathiri ini, mishipa ya damu ya umio huvimba, na mgonjwa huweza kutapika damu hadi kufa. Daktari huyo anaweza kwenda Uingereza kujifunza kuifunga mishipa hiyo kwa vipete vya mpira kupitia endoskopi. Lakini akirejea mahali pasipo na endoskopi, vipete, muuguzi aliyefunzwa kukisafisha kifaa, wala damu salama ya kuongezewa mgonjwa, mikono yake itasahau ilichojifunza, na mgonjwa atakufa kama alivyokufa wa jana.

Kwa hiyo maandalizi huanza nyumbani. Kabla ya kuomba, daktari na mwajiri wake wakubaliane kwa maandishi juu ya mambo matatu: ujuzi mmoja unaotafutwa, vifaa na watumishi watakaokuwa tayari siku ya kurejea, na nani atawahudumia wagonjwa wakati hayupo. Mgonjwa wa maradhi ya kudumu ana haki ya kujulishwa mapema jina la daktari atakayempokea, na faili lake likabidhiwe likiwa na maelezo kamili.

Maswali ya kujipima

1. Ni ugonjwa gani unaowaua wagonjwa wako kwa kukosa ujuzi ambao miezi 24 ingetosha kuupata?
2. Ukirejea kesho, ni kifaa gani utakachokikosa?
3. Je, muuguzi utakayefanya naye kazi ameshaanza kuandaliwa?