Fundi asiye na cheti anaweza kulea vijana?

*Mimi ni fundi wa pawatila na mashine za kukoboa mpunga hapa Chimala. Ujuzi nimeupatia gereji, cheti sina. Vijana wa mtaani wasio na kazi wananiomba niwafundishe. Nianzie wapi? – Fundi, Chimala*

Fundi huyu anahofia kwamba bila cheti hana cha kurithisha. Anacho. Bonde la Usangu, ilipo Chimala, linaishi kwa mpunga, na pawatila ikizima wakati wa kuandaa majaruba, mkulima hawezi kungoja fundi atoke Mbeya mjini.

Kuhusu cheti, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunzia kazini hupimwa, huongezewa anachopungukiwa, kisha hupewa cheti. Aulize chuo cha VETA kilicho karibu.

Aanze na vijana wachache, kwa makubaliano ya maandishi: muda, posho, na lini kijana ataachiwa kazi peke yake. Uanagenzi mwingi huvunjikia hapo, kijana akiishia kufagia gereji tu.

Mtaji wa vijana hao kujiajiri wakishahitimu upo pia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana. Wasajili kikundi kwanza; ofisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza. Wakikwama kwenye hesabu za biashara, wabishe hodi SIDO Mbeya.