Kitabu cha Chuo Kikiwa Mpanda: Kuazima na Kurudisha Bila Kubaki na Deni

Kabla hujaomba kitabu kaunta, jua kitarudi kwa njia gani. Mwanafunzi wa Mlimani au wa Morogoro hana haja ya kuliwaza sana jambo hili, maana anatoka bwenini kwa miguu, anakabidhi kitabu na kurudi zake. Kwa anayeishi Makanyagio, hapa Mpanda, kitabu ni safari. Kama unasoma Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), iliyoko Kibaoni, Mpimbwe, kila ukienda utapita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kama uko Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kituo cha mkoa kipo hapa mjini, lakini makao makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, na kwa treni ya kupitia Kaliua na Tabora hiyo ni njia ya zaidi ya kilomita 1,000. Chuo hicho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi wakasome: mwalimu, muuguzi, karani, mama mwenye duka. Watu hao husoma usiku, na siku za kitabu huwaishia wakiwa kazini.

Kwa hiyo hesabu ianzie mwisho. Chukua kalenda, tafuta siku ambayo una hakika utarudi chuoni au utapata mtu wa kuaminika anayekwenda, kisha ndipo uulize kitabu kinatolewa kwa muda gani. Kama ni siku 14 na wewe unakwenda mara moja kwa mwezi, usikichukue. Kaa nacho pale pale chumba cha kusomea, uandike unachohitaji, ukiache rafuni. Kitabu ulichosoma vizuri kwa saa nne mezani kina faida kuliko kile kilicholala Makanyagio wiki sita huku faini ikipanda.

Muda wenyewe haufanani kwa vitabu vyote. Kuna vile vya kawaida, vinavyotoka kwa siku au wiki kadhaa. Kuna vya akiba maalumu, yaani vile ambavyo mhadhiri amewaagiza wanafunzi wote na nakala ni chache. Hivyo hutolewa kwa saa, pengine kwa usiku mmoja, na faini yake ndiyo kali kuliko zote. Na kuna visivyotoka kabisa: kamusi, ensaiklopidia, tasnifu, magazeti ya zamani. Ukifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukaomba kitu katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki, utasomea humo humo ndani. Usimkasirikie mkutubi. Nakala nyingine ya kitu hicho huenda isipatikane mahali pengine popote nchini.

Siku moja kabla ya safari, fungua katalogi ya maktaba kwenye simu, kama chuo chako kimeiweka mtandaoni. Tazama kama kitabu kipo au kimeazimwa, na unakili namba yake yote kama ilivyo, herufi, tarakimu na nukta. Namba hiyo ndiyo anwani ya kitabu rafuni. Maktaba inayotumia mfumo wa Dewey itakuwekea ufugaji nyuki kwenye 638.1 na kilimo cha mpunga kwenye 633.18. Inayotumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani itaweka nyuki chini ya SF na mpunga chini ya SB. Ukisoma mgongo wa kitabu, shuka mstari kwa mstari: kwanza somo, kisha herufi za mwandishi, kisha mwaka. Na ukishakipata usiondoke haraka. Tupa jicho kulia na kushoto. Vitabu vya somo moja hukaa pamoja, na mara nyingi kile cha pembeni ndicho kinachojibu swali lako.

Sasa uko kaunta. Kuwa na kitambulisho cha chuo kilicho hai, na kama ni mara ya kwanza, uthibitisho wa usajili wa mwaka huu. Msalimie mhudumu kama unavyomsalimia mtu mzima yeyote, halafu fanya jambo ambalo wengi hulipuuza: fungua kitabu mbele yake kabla hakijaandikwa kwa jina lako. Pitisha kurasa kwa kidole gumba, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Tafuta kurasa zilizochanwa, michoro iliyokatwa kwa wembe, madoa ya maji, mistari ya kalamu, jalada lililoachia. Ukiona kasoro, sema pale pale: “Mama, naomba uone hapa, kurasa za 113 hadi 116 hazipo.” Mwombe aandike kwenye kumbukumbu au kwenye karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani. Bila hivyo, siku ya kurudisha kasoro hiyo itakuwa yako, na huna la kujitetea. Nakushauri upige pia picha ya jalada, ya ukurasa wenye msimbo pau wa chuo, na ya tarehe ya kurudisha. Picha tatu, hazikuchukui hata dakika moja.

Nyumbani, adui wa kitabu hapa Katavi wanajulikana. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku. Mfuko wa kitambaa wa sokoni hauzuii maji hata kidogo. Bodaboda ikikukuta na mvua njiani, kitabu kitalowa kabla wewe hujalowa vizuri. Beba begi lisilopitisha maji, au kifunge kwanza kwa kipande cha turubai ndipo ukitie begini. Ndani ya nyumba kuna mchwa na panya: usikilaze sakafuni wala usikiegemeze ukutani. Sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali mawili linatosha. Kitabu kikilowa, usikianike juani wala karibu na jiko. Kurasa zitajikunja na gundi itaachia. Kisimamishe kivulini penye upepo, kikiwa wazi kidogo, ukipachika karatasi kavu zinazonyonya maji kila baada ya kurasa chache, na uzibadilishe zikilowa. Halafu mjulishe mkutubi. Usijaribu kugundisha mwenyewe kwa selotepu. Gundi yake hugeuka manjano na kula karatasi, na mafundi wa maktaba wana njia zao za kutengeneza.

Kuna ombi ambalo ni gumu kulikataa mtaani: “Niazime mimi siku mbili tu, nitakurudishia.” Kataa, hata kama ni rafiki. Kitabu kiko kwa jina lako, na maktaba haimjui huyo mwingine. Njia ya kumsaidia ni kumkaribisha kwako msome meza moja, au kumpa namba ya kitabu ili akiombe mwenyewe utakapokirudisha. Vikundi vya kusoma jioni vinafaa sana kwa hili, watu watatu au wanne, kitabu kikiwa katikati na kikilala kwa aliyekiandikisha.

Ukiona muda hautoshi, omba kuongezewa kabla tarehe haijapita. Zipo maktaba zinazokuruhusu kufanya hivyo mtandaoni, na zipo zinazotaka simu au ufike mwenyewe. Uliza siku ile ile ya kuazima. Ombi linaweza kukataliwa ikiwa mtu mwingine ameshakiwekea oda, na ni haki. Huyo aliyeko upande wa pili naye ana mtihani.

Kurudisha ndiko kunakoharibika zaidi. Kitabu hakijarudi kwa sababu umekiweka mezani au umemwachia mlinzi getini. Kimerudi pale jina lako linapofutwa kwenye mfumo. Mkabidhi mhudumu mkononi, subiri akisome kwa mashine au aandike daftarini, kisha omba akuoneshe kwamba huna kitu. Kama maktaba hutoa risiti au ujumbe wa barua pepe, uhifadhi. Hata ukiwa na basi la kuwahi, subiri. Dakika tano hizo ndizo zitakazokuokoa miaka mitatu baadaye, wakati mhudumu yule ameshahamishwa na hakuna anayekumbuka.

Ukishindwa kwenda, piga simu kwanza uulize kama wanapokea kitabu kwa mkono wa mtu au kwa mzigo. Wakikubali, pata jina la atakayepokea. Funga kitabu kwa boksi gumu, weka ndani karatasi yenye jina lako, namba ya usajili, jina la kitabu na namba yake ya maktaba. Kwa basi, peleka ofisi ya mizigo na udai stakabadhi; usimkabidhi kondakta dirishani. Kwa mtu, chagua anayekwenda maktaba hasa, siyo anayepita tu njia hiyo. Na ufuatilie hadi upate jibu kwamba kimeingia. Mpaka hapo, deni ni lako.

Kikipotea, toa taarifa siku hiyo hiyo unapohakikisha hakipo. Kunyamaza hakuzuii faini kuhesabiwa, kunaiongeza. Maktaba nyingi zitakupa njia mbili: kununua nakala ya kitabu kile kile, au kulipa thamani yake pamoja na gharama za uchakataji. Kabla hujanunua, hakikisha toleo. Angalia ISBN, ambayo kwa vitabu vilivyotoka tangu 2007 ina tarakimu 13, na mwulize mkutubi kama toleo jipya linakubalika. Malipo kwenye chuo cha umma hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ile tuliyozoea kuiita kontroo namba. Unalipa kwa simu au benki. Mtu akikuambia umpe fedha taslimu mkononi amalize suala, usifanye hivyo. Jina lako litabaki kwenye orodha ya wadaiwa na huna pa kushika.

Mara nyingine jibu bora ni kutoazima kabisa. Tanzania iko kwenye nchi ambazo vyuo vyake vinapata bure majarida ya kisayansi kupitia Research4Life: Hinari ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza 2002, na AGORA ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), iliyoanza 2003. Hinari ni ya afya, AGORA ni ya kilimo na chakula, na kwa mkoa unaolima mahindi na mpunga na kurina asali ya Inyonga, hiyo ya pili ni hazina. Muulize mkutubi kama chuo kimejisajili na akupe nywila, halafu pakua makala ukiwa kwenye intaneti ya chuo ili usimalize bando lako Mpanda. Tasnifu nyingi za SUA, za Chuo Kikuu Huria na za Dar es Salaam zimewekwa wazi mtandaoni pia. Kwa kitabu cha karatasi, unaweza kutoa kopi ya sehemu unayoihitaji kwa masomo yako. Kitabu kizima hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi, na mwandishi huyo pengine ndiye mhadhiri wako.

Ukikaribia kuhitimu, fomu ya kliarensi itakudai muhuri wa maktaba. Ulizia hali yako wiki kadhaa kabla, kwa simu tu. Deni dogo la kitabu cha mwaka wa kwanza limewahi kushikilia cheti cha mtu ambaye ameshaitwa kazini.

Na lipo jambo moja ambalo wanafunzi wa huku hatulifanyi vya kutosha. Maktaba hununua vitabu kwa kufuata mapendekezo, na mapendekezo mengi hutoka kwa walio karibu na kaunta. Kama kuna kitabu unachokifuata mbali kila muhula, kaeni kikundi kizima mwandike ombi kwa mkutubi au kwa kituo chenu: jina la mwandishi, jina la kitabu, toleo, mwaka, ISBN, somo linalokihitaji, na idadi ya wanafunzi wanaolisoma hapa Mpanda. Lipelekeni kwa maandishi, mbaki na nakala, na muhula ujao mliulizie.