Somo la Lishe: Kitindamlo Kisicho na Sukari ya Kuongeza

Tunapozungumzia kisukari, wengi husema habari za ugali na chai, na kitindamlo husahaulika. Mgonjwa huambiwa aache tu. Siku ya sikukuu wengine wakipakuliwa ndizi za nazi, yeye hutazama, au baadaye huingia jikoni akala kwa siri. Somo la mwezi huu ni la sufuria moja itakayoliwa na nyumba nzima.

Wazo lenyewe tumeliazima kwenye mlo wa Paleo, uliopata umaarufu baada ya kitabu cha Mmarekani Loren Cordain cha mwaka 2002. Wanaoufuata hula nyama, samaki, mayai, mboga na matunda, wakiamini ndivyo watu walivyokula kabla ya kilimo. Nafaka, kunde, maziwa na sukari ya dukani hawagusi. Hapa kwetu Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, alizikwa mtoto yapata miaka 78,000 iliyopita, na hakika sukari ya dukani hakuijua. Ila hata ndizi na nazi hakuzijua, maana zilitufikia kutoka Asia baadaye sana. Kwa hivyo usiache mbaazi na maharagwe yako kwa ajili ya mtindo huu. Tuchukue lile la kutufaa: kupika kitamu bila unga, bila maziwa na bila sukari.

Kwa watu wanne, tafuta ndizi mbili kubwa za mkono wa tembo, nazi moja, hiliki tano na chumvi kidogo sana. Ndizi ziwe zimeiva hadi ganda lina madoa meusi. Hapo ndipo ilipo siri ya pishi hili: ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka kuwa sukari, nawe huhitaji kuongeza nyingine. Kuna nazi, kamua tui zito uliweke kando, kisha kamua tui jepesi. Menya ndizi, zikate vipande, zichemshe katika tui jepesi pamoja na hiliki iliyotwangwa na ile chumvi mpaka zilainike. Punguza moto, mimina tui zito, koroga taratibu. Usiache lichemke sana, litakatika.

Ukitia nusu kikombe cha sukari katika sufuria hiyo, umetia takriban gramu 100, yaani gramu 25 kwa kila mlaji. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata katika chakula, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25 kwa siku. Bakuli moja limeimaliza, na chai bado.

Wengi huona asali ni dawa, wakaitia badala ya sukari. Shirika hilo huihesabu asali pamoja na sukari ya kuongeza, na maji ya matunda vilevile. Tende ni tunda, lakini sukari yake imekolea. Hata ndizi yetu si maji: mwenye kisukari apakuliwe nusu ya ndizi, na tui lisijae bakuli kwa kuwa lina mafuta mengi. Akitaka zaidi, mpikie boga kwa njia hiyo hiyo, ukitia mdalasini. Boga lina wanga mchache kuliko ndizi mbivu. Siku usiyo na wakati, papai lililokamuliwa ndimu na kunyunyiziwa korosho zilizokaangwa bila mafuta latosha.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asibadilishe mlo wake ghafla kabla ya kuzungumza na daktari au afisa wa lishe, maana sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi. Ukimwona anatetemeka, anatokwa na jasho na maneno yanampotea, huo si wakati wa boga. Mpe maji ya sukari au soda ya kawaida papo hapo. Ikiwa hawezi kumeza au amezirai, usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.