Motokari ya Mavuno: Kuitunza, na Kufanya Vema Ikikufa Njiani

Ninyi wakulima wa Likasi na wa Kambove, na ninyi mashofere mnaochukua mahindi yao, somo hili ni lenu. Tumezoea kufundisha habari za mbegu na mbolea ili magunia yaongezeke. Lakini gunia halijawa mali mpaka lifike sokoni. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilomita zipatazo 120; kutoka Likasi mpaka Kolwezi ni kama 180. Barabara ni ile ile ya taifa namba 1, na makamio ya migodi hupita humo mchana na usiku.

Motokari iliyokufa njiani haina nguvu ya kuua mtu. Watu huuawa na yale wayafanyayo wakiisha kusimama. Mmoja hufungua radiatere ya moto. Mwingine huingia chini ya kamio lililoinuliwa kwa kriki. Wengine hukaa barabarani wakizungumza juu ya bei ya mahindi. Kwa hiyo mambo ni mawili: kuitunza motokari ili isife, na kujua la kufanya ikikufa.

ASUBUHI KABLA YA KUONDOKA

Simamisheni motokari mahali palipo sawa, motere ikiwa baridi. Toa kijiti cha mafuta, kipanguse, kitie tena, kisha kitoe na kukitazama. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakipita alama ya juu ni vibaya pia. Wengine hudhani kuzidisha mafuta ni kuipenda motokari.

Tazama maji. Tazama taa zote, na za nyuma zaidi, maana hizo shofere hazioni akiwa kwenye kiti chake.

Kanyaga freni. Kama freni ni laini kama bukari, au yashuka mpaka chini, usiondoke. Kama ni kamio la freni za upepo, ngoja mpaka mshale wa upepo ufike mahali pake. Mashofere wengine huondoka mapema kwa kuwa soko halingoji. Mteremko pia haungoji.

Mipira ipimwe asubuhi ingali baridi, kwa sababu ikiisha kwenda upepo wa ndani hupata moto na kipimo hudanganya. Mpira wenye upepo kidogo hujikunja kila unapozunguka, nao hupata moto mwingi. Ndiyo sababu hupasuka saa za jua kali, juu ya mzigo mzito, wala si nyumbani. Basi msipakie kupita uzito ulioandikwa kwa motokari. Nanyi wenye mahindi, msikae juu ya magunia ili kuyalinda. Kamio likipinduka, magunia ndiyo yatakayowaangukia.

MAJI YAKICHEMKA

Jambo hili huonekana sana katika milima, na kwa motokari zenye mzigo. Mshale wa joto wapanda, kisha mvuke watoka mbele. Fanyeni nini? Simameni pembeni, zimeni motere, kisha msiguse kitu.

Sababu gani? Likasi iko juu, mita zipatazo 1,300 juu ya bahari. Huku kwetu maji ya sufuria huchemka yakifika kama digri 95, hayangoji 100. Lakini kifuniko cha radiatere hufunga kwa nguvu, na maji yaliyofungwa hivyo yaweza kupita digri 100 bila kuchemka. Siku utakapofungua kifuniko, yale maji hugeuka mvuke mara moja na kuruka juu. Yule aliyeinama hupata usoni na machoni. Kumwagia maji baridi juu ya kifuniko hakusaidii, wala kitambaa hakikingi.

Ngojeni nusu saa, na zaidi kama motere ni kubwa. Ukiweza kuweka mkono juu ya bomba la radiatere bila kuungua, na bomba limelegea, hapo funika kifuniko kwa kitambaa kinene, geuza uso, fungua polepole. Maji mapya yatiwe kidogo kidogo. Chuma chenye moto kikipata maji baridi mengi kwa ghafula chaweza kupasuka, na fundi atataka fedha kupita magunia yote mliyopakia.

FRENI ZIKIKATAA, MPIRA UKIPASUKA

Katika mteremko tumia vitesi ya chini tangu juu, upate kuacha freni zipumzike. Zikikataa kabisa, usizime motere: usukani utakuwa mzito, na ukitoa ufunguo waweza kufungwa. Kwa motokari ndogo yenye freni za mafuta, kanyaga na kuachia upesi mara nyingi. Mara nyingine nguvu hurudi. Kwa kamio la freni za upepo usifanye hivyo, maana utamaliza upepo uliobaki. Shusha vitesi moja moja, vuta freni ya mkono kidogo kidogo, tafuta mahali pa kupanda au majani marefu yasiyo na watu.

Mpira ukipasuka, shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwa mafuta, na freni usiikanyage kwa nguvu. Motokari itapunguza mwendo yenyewe.

MKIISHA KUSIMAMA

Watu wote washuke upande wa majani, wakae mbali na barabara. Watoto washikwe mkono. Kamio likienda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Lenye mzigo haliwezi kusimama kwa kuwa wewe umeinua mkono. Basi wekeni pembetatu nyekundu hatua 100 nyuma, na nyingine mbele. Kama kuna kona, iwekeni kabla ya kona. Wasio na pembetatu huweka matawi, nami nayasifu, kwa sababu kila shofere wa Katanga ajua maana yake. Lakini usiku matawi hayang'ai.

Tena kumbukeni hili. Katika Kongo twapita kuume, lakini katika Zambia na Afrika ya Kusini hupita kushoto, na makamio yao yana usukani upande wa kuume. Shofere wa namna hiyo akitaka kuipita motokari yako iliyosimama, haoni vema wajao mbele yake mpaka ameisha kutoka katikati. Kwa hiyo hata ng'ambo ya pili ya barabara si mahali pa kungoja.

Mkikuta kamio la esanse au mazutu limepinduka, msilikaribie, wala msichote. Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, watu zaidi ya 200 walikufa kwa moto wa kamio la namna hiyo. Wengine hawakuchota kitu. Walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, walikufa zaidi ya 100. Ondokeni, pelekeni watoto mbali, zuieni watu wa sigara.

Na makamio ya asidi iendayo migodini? Mwezi wa Februari 2019, mkoa wa Lualaba, moja liligongana na magari mengine, na watu zaidi ya kumi walikufa. Msikanyage kilichomwagika, na simameni upande upepo utokako. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo upesi, asafishwe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Msimpake mafuta.

KUBADILI GURUDUMU

Zuieni magurudumu mengine kwa mawe. Legezeni nati kidogo gurudumu likiwa bado chini, ndipo muinue. Wakati wa mvua kriki huzama katika udongo. Wekeni ubao mnene chini yake. Mtu asiingize mwili chini ya motokari inayoshikwa na kriki tu, hata kwa kuokota nati moja. Lazeni gurudumu la akiba chini ya chuma cha motokari. Kriki ikiteleza, motokari itaangukia hilo.

Nati zikazwe kwa kukingamana, kwanza polepole, kisha kwa nguvu motokari ikiwa imeshuka. Ondoeni mawe na matawi yote barabarani. Jiwe lililosahauliwa huua mwenye pikipiki ajaye usiku, wakati ninyi mmekwisha kulala. Kisha, mkienda kama kilomita 50, simameni mahali pazuri mkaze nati tena. Kwa mtu aliyebadili gurudumu karibu na Likasi, hapo hajafika nusu ya njia ya Lubumbashi.