Muzee Anapoona Watoto Wasiokuwepo

Tuchukue muzee wa miaka 72, mtaa wa Majengo hapa Goma. Jioni anamwomba binti yake awape chakula watoto watatu walioketi karibu na mlango. Mlangoni hakuna mtu. Kesho yake asubuhi anazungumza vizuri kabisa, anawauliza wajukuu wake wa kweli habari za shule. Keshokutwa anakaa saa nzima akitazama ukuta. Jirani mmoja atasema ni mashetani, mwingine atanong'ona uchawi, na kwetu Kivu neno hilo la pili si mchezo: mwaka 2021, upande wa Kivu ya Kusini, wanawake waliuawa na umati kwa tuhuma hiyo.

Kinachomsumbua muzee huenda ni protini iliyojikunja vibaya.

Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na namna mnyororo unavyojikunja ndiyo inayoamua kazi yake mwilini. Protini tunayoizungumzia, alfa-sinuklini, ina vipande 140. Hukaa kwenye ncha za seli za neva, pale seli moja inapoipa nyingine ujumbe kwa kumwaga kemikali. Tofauti na protini nyingi, hii haina umbo moja la kudumu, na hapo ndipo hatari inapoingia. Moja ikijikunja vibaya, zinazoigusa hufuata mkunjo uleule. Hushikamana zikawa nyuzi, nyuzi zikawa madonge. Daktari Mjerumani Friedrich Lewy aliyaona madonge hayo kwa hadubini na kuyaeleza mwaka 1912, katika ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson. Yametengenezwa na nini, hakujua. Jibu, kwamba ni alfa-sinuklini, lilipatikana mwaka 1997. Kabla ya hapo, mwaka 1976, Kenji Kosaka wa Japani alikuwa ameeleza ubongo wa mgonjwa wa dimenshia ambamo madonge yalienea hadi kwenye gamba la nje, tunakofikiria na kutambua tunachokiona. Hiyo ndiyo dimenshia ya madonge ya Lewy.

Dalili hutegemea mahali palipoharibika. Kwenye shina la ubongo kuna seli zinazolegeza misuli tunapoota, ili mtu anayeota anakimbia asikimbie kweli. Zikiharibika, muzee anapiga mateke na kupiga kelele usingizini, mara nyingi miaka mingi kabla ya dalili nyingine. Juu kidogo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayowezesha mwendo. Hizo zikifa, miguu inaburuzika na uso unakuwa mkavu. Nyingine hutoa asetilikolini, inayoshikilia umakini. Hiyo ikipungua, akili inakuja na kuondoka, na ubongo hujaza yenyewe kile ambacho macho hayakuleta: watoto, wanyama, watu waliokaa kimya. Kumbukumbu, ambayo katika ugonjwa wa Alzheimer huanza kupotea mapema, hapa inaweza kubaki nzuri kwa muda. Ndiyo maana familia huchanganyikiwa. Anakumbuka kila kitu, basi vipi aone watu wasiokuwepo?

Sasa tufike kwenye dawa, kwani makala hii nimeiandika kwa ajili yake. Mtu anayeona visivyokuwepo mara nyingi hupewa haloperidoli, mahali pengi duniani. Ni dawa ya bei nafuu, inajulikana, na kwa magonjwa mengine ya akili inasaidia kweli. Hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini. Muzee wetu dopamini yake ni haba tayari. Kumpa dawa hiyo ni kuziba mdomo wa bidoni iliyowekwa chini ya robine inayotoa maji tone kwa tone. Mwaka 1992 Ian McKeith na wenzake wa Newcastle, Uingereza, waliripoti kwamba katika kundi dogo la wagonjwa wa aina hii waliopewa dawa za jamii hiyo, karibu nusu walipata madhara makali. Mgonjwa hukakamaa, husinzia asiamke vizuri, na anaweza kufa. Dawa inayoinua asetilikolini, kama rivastigmini, huwafaa zaidi, ingawa haiponyi.

Kanda yetu haijakaa bure. Wilayani Hai, Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta ugonjwa wa Parkinson, ndugu wa karibu wa dimenshia hii, na matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba wagonjwa wengi waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake wanachunguza Alzheimer kwa mitihani ya kumbukumbu, picha za ubongo na protini za kwenye damu. Goma tuna kituo cha Tulizo Letu cha magonjwa ya akili, katika mji ambao vita pekee vinatosha kujaza vitanda.

Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, kwa siku chache, kwanza kutafutiwe malaria na maambukizi mengine. Kukiwa kumekuja polepole, kabla sindano ya haloperidoli haijatolewa kuna maswali yasiyohitaji mashine. Je, akili yake hupanda na kushuka? Mwendo umebadilika? Huota kwa mikono na miguu? Hili la mwisho aulizwe anayelala naye chumba kimoja, kwa sababu muzee mwenyewe hajui usiku alimpiga nani teke.